Sufuria Ikifunikwa kwa Amri, Nani Alipe?

Ndugu msomaji, naomba nianze na swali ambalo limenikaa kichwani muda mrefu, na ambalo nimelipeleka kijiweni mara kadhaa likarudi na vumbi tu. Swali lenyewe ni hili: ukimkataza mtu kufanya kazi yake ya halali kwa ajili ya afya ya watu wote, je, watu wote wanadaiwa na mtu huyo? Au yeye avumilie tu, na siku akipewa chochote apige magoti ashukuru?

Naliuliza nikiwa Kizota. Kwa asiyepajua, hii ni kata ya jiji la Dodoma, upande wa barabara iendayo Singida, mahali pa maghala, machinjio, karakana na malori. Palipo na malori pana makuli, palipo na makuli pana njaa ya saa nne asubuhi, na palipo na njaa hiyo hakosekani mama ntilie. Wakubwa siku hizi wanapenda kumwita mama lishe. Jina limepanda cheo lakini sufuria ni ile ile, na moshi ni ule ule.

Sasa, kipindupindu kinapobisha hodi katika miji yetu, amri inayotangulia kutoka ofisini tunaijua kwa moyo: marufuku kuuza vyakula vilivyopikwa mahali pa wazi. Bwana afya anapita, mgambo yuko nyuma yake, na kabla ya jua kuwa kali benchi zimekwishageuzwa miguu juu. Ndipo swali langu linapoanza.

Sitaki kumwonea bwana afya. Kipindupindu si mafua. Mtu anaweza kuamka mzima, adhuhuri akaanza kuharisha, na usiku akawa maiti kama hakupata maji na chumvi mapema. Mwaka 1997 peke yake nchi yetu ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,000 kati yao walikufa. Mlipuko mwingine ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa karibu nchi nzima, Dodoma ikiwemo, na kufikia mwanzoni mwa 2018 wagonjwa walikuwa wamepita 30,000 na vifo vimepita 500. Ndiyo maana Desemba 9, 2015 hakukuwa na gwaride la Uhuru. Rais Magufuli aliwaambia watu washike mafagio. Kwa hiyo anayesema kwamba kila amri ya kufunga ni uonevu mtupu, huyo hajawahi kuchungulia kambi ya wagonjwa wa kipindupindu.

Ugomvi wangu hauko kwenye amri. Uko kwenye hesabu inayofuata baada ya amri.

Hesabu hiyo nilifundishwa na mama mmoja ambaye huwa nakula kwake. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikamuuliza angefanyaje kama akifungiwa wiki mbili. Hakuacha kukoroga maharage. Akanihesabia kwa vidole vya mkono wa kushoto. Fedha ya leo ndiyo unga wa kesho, maharage ya kesho na mkaa wa kesho. Kinachobaki ni kodi ya chumba, daftari la mtoto, na mchezo wa akina mama ambao kijumbe wake hajui habari ya ugonjwa, anajua zamu. Akifungiwa siku moja anakula akiba. Siku tatu, anaanza kula mtaji. Wiki mbili, anadaiwa dukani, anadaiwa na kijumbe, na mwenye nyumba ameanza kupita pita mlangoni bila kusalimu.

"Siku watakapotangaza fungueni," akasema, "wenzangu wenye fedha watafungua. Mimi nitafungua nini, mwanangu? Sufuria tupu?"

Nikamuuliza, je, ofisi ikikuletea msaada? Akacheka mpaka akaegemea mwiko. "Msaada! Kwani mimi nimeunguliwa nyumba?"

Ndugu msomaji, neno hilo ndilo lililonikalisha chini niandike. Sisi tunaojifunza uandishi tunajigamba kwamba maneno ni mali yetu, lakini hapa mama asiyesoma gazeti alikuwa amelipima neno kuliko sisi. Msaada ni kitu unachompa mtu aliyefikwa na balaa ambalo wewe hukulisababisha. Una hiari ya kutoa, naye ana wajibu wa kushukuru. Deni ni jambo jingine kabisa. Deni halina hiari, na anayelipwa deni lake halazimiki kupigiwa picha akipokea. Madai yangu katika makala hii ni mafupi: halmashauri inapomfungia mtu biashara kwa ajili ya afya ya umma, kile inachopaswa kumpa si msaada. Ni deni.

Najua madai haya yana maadui. Adui wa kwanza ninaye kijiweni kwetu, mshikaji mmoja mbishi wa kuzaliwa. Yeye alinipiga swali moja nikanyamaza kwa muda: "Hivi mwizi akikatazwa kuiba, naye alipwe fidia? Anayeuza ugonjwa azuiwe, basi, yaishe."

Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Ni kweli, hakuna mtu mwenye haki ya kumdhuru mwenzake, na ukimzuia asidhuru huna unachomdai wala anachokudai. Lakini tazama amri yenyewe inavyofanya kazi. Haichagui. Inamfunga mama anayechemsha maji ya kuoshea vyombo, na inamfunga jirani yake anayesuuza sahani thelathini katika ndoo moja. Wataalamu wa afya wenyewe wanatufundisha kwamba chakula kilichoiva sawasawa na kuliwa cha moto ni miongoni mwa vyakula salama zaidi. Hatari iko zaidi kwenye maji yasiyochemshwa, kachumbari, matunda yaliyomenywa yakakaa, na juisi za kukoroga. Kwa nini basi wote wafungwe? Kwa sababu kumkagua kila mmoja kunahitaji watu, muda na mafuta ya gari. Kufunga wote ni rahisi. Sawa, huenda katika siku za hatari njia rahisi ndiyo ya lazima. Lakini urahisi huo umegharimiwa na nani? Yule mama msafi ameiokolea halmashauri kazi ya kumkagua, naye amelipa kwa mtaji wake. Huyo si mwizi aliyekatazwa kuiba. Huyo ni mkopeshaji asiye na hati.

Tena tuulize, mdudu wa kipindupindu anatoka wapi? Hazaliwi ndani ya sufuria. Anatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, anaingia kwenye maji, na kupitia maji na mikono anafika kwenye sahani. Vyoo, mitaro, maji safi, kuzoa takataka: hizi si kazi za mama ntilie, ni kazi za mamlaka za mji. Yeye amenunua maji kwa dumu, tena kwa bei kubwa kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba. Ugonjwa umepita katika mfereji ambao si wake, na mlangoni kwake ndipo ulipokamatwa.

Historia ya nchi yetu yenyewe inatoa ushahidi hapa. Kuanzia mwaka 1972 Serikali ilivunja halmashauri za miji na wilaya kwa jina la madaraka mikoani. Miji ikakosa mwenyewe. Takataka zikarundikana, mitaro ikaziba, maji yakawa shida, na kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria, na kuharibika kwa huduma pamoja na magonjwa hayo vilikuwa miongoni mwa sababu. Yaani, ndugu yangu, serikali ya mji tunayoiona leo ilirudishwa kwa sehemu ili kupambana na kipindupindu. Ndiyo kazi yake ya kuzaliwa. Ikishindwa kazi hiyo, kisha ikamwambia mchuuzi afunge kwa gharama zake mwenyewe, ni sawa na mlinzi aliyelala akakutoza wewe thamani ya kufuli.

Kuna kisa kimoja cha mbali ambacho kila kijana anayependa kuandika riwaya angekifaidi. New York, mwanzoni mwa karne ya ishirini, kulikuwa na mpishi mhamiaji kutoka Ireland, Mary Mallon. Alikuwa amebeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua. Mwaka 1907 alikamatwa akatengwa kisiwani. Mwaka 1910 aliachiwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Akafanya kazi ya udobi, yenye mshahara mdogo kuliko upishi. Mwaka 1915 akakutwa anapika tena, kwa jina la kubuni, katika hospitali ya wazazi, ambako watu 25 walikuwa wameugua na wawili wakafa. Akarudishwa kisiwani, akakaa huko hadi kifo chake mwaka 1938. Dunia ikamwita Mary wa Taifodi, na jina hilo likawa tusi.

Mimi simtetei Mary. Waliokufa wale walikuwa watu, na yeye alikuwa ameapa. Lakini nauliza swali ambalo nadhani mji ule ungejiuliza mapema: walipomwambia asipike, walimwambia ale nini? Walichukua ujuzi wake wote, kitu pekee alichokuwa nacho mwanamke maskini asiye na mume wala ndugu karibu, wakamwachia ahadi aitunze. Ahadi haiivi ikaliwa. Na hapa maadili yanakutana na akili ya kawaida: amri isiyolipiwa haifuatwi, inakwepwa. Mama ntilie aliyefungiwa mchana atapika usiku, uani, gizani, kwa maji yoyote atakayopata, na kulipeleka kwa wateja kwenye ndoo iliyofunikwa kanga. Bwana afya hatamwona tena. Ugonjwa utamwona.

Kuna mfano mwingine ambao sisi wa Dodoma tutauelewa upesi, maana thamani ya ng'ombe tunaijua. Mwaka 2001 Uingereza ilipata ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Serikali iliamuru wanyama zaidi ya milioni 6 wauawe, wakiwemo wengi ambao hawakuwa wagonjwa, ili ugonjwa usisambae. Na wenye mifugo walilipwa fidia. Hakuna aliyesema wamepewa msaada. Ilieleweka tu kwamba mali ya mtu ikiharibiwa kwa amri, kwa faida ya wengine, inalipwa. Sasa niambie, mshikaji: kama ng'ombe mzima aliyeuawa kwa ajili ya wenzake analipiwa, sufuria nzima iliyofunikwa kwa ajili yetu imekosa nini?

Adui wa pili wa madai yangu ana roho nzuri zaidi, na huyu ndiye aliyenipa tabu. Yeye anasema: mbona mkulima wa Bahi au Chamwino, mvua ikimkatikia mtama ukiwa magotini, halipwi na mtu? Kuna haki gani ya kumlipa muuza wali wa mjini ukamwacha mkulima? Shida ni shida.

Nimekaa nalo swali hili siku nyingi. Jibu langu ni hili. Mkulima yule anastahili kusaidiwa, na atakayemwacha afe njaa ana dhambi. Lakini mvua haina ofisi. Haina sahihi wala mhuri. Huwezi kwenda kuishitaki kwa mtendaji wa kata. Amri ya kufunga ina tarehe, ina sahihi, ina mhuri, na ina wanufaika wanaojulikana, yaani mimi na wewe ambao hatukuugua. Mkulima tunamsaidia kwa sababu ni ndugu yetu. Mama ntilie tunamlipa kwa sababu tumechukua kitu chake. Zote ni haki, ila si haki moja, na ukizichanganya unaishia kuwanyima wote wawili kwa kisingizio cha usawa.

Adui wa tatu ni mweka hazina. Yeye habishani na maadili, anauliza tu: fedha ziko wapi? Na huyu naye tumjibu kwa heshima. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Lakini mkopo huo huenda kwa vikundi, kwa katiba ya kikundi, muhtasari, andiko la mradi na vikao. Tena umewahi kuyumba: Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wake baada ya ukaguzi kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, ukarejeshwa mwaka 2024. Hata ungekwenda bila kuyumba, mkopo si malipo. Kumkopesha mtu fedha ili afidie hasara uliyomtia wewe ni kumfanya alipe mara mbili.

Na asituambie mtu kwamba wachuuzi hawajulikani walipo. Desemba 2018 vilipozinduliwa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, maofisa waliwafikia mpaka kwenye vichochoro. Anayeweza kupatikana wakati wa kutoa, anaweza kupatikana wakati wa kupokea.

Sasa niseme kuhusu mwaka 2020, maana najua wengi mnaningojea hapo. Korona ilipoingia nchini Machi mwaka huo, majirani zetu wengi walifunga. Uganda ilifunga masoko yasiyo ya chakula, na wauza chakula wakaambiwa walale humo humo sokoni badala ya kwenda nyumbani. Kampala na Wakiso zikagawiwa posho na maharage. Sisi hatukufunga masoko. Rais Magufuli alisema watu wafanye kazi, wasife njaa ndani. Shule zilifungwa Machi 17, vyuo vikuu vikafuata, na kuanzia Mei takwimu za wagonjwa hazikutangazwa tena kwa muda mrefu.

Wapo wanaosema sisi ndio tuliowatendea haki wachuuzi, kwa kuwa hatukuwafungia. Nusu yake ni kweli: sufuria iliendelea kuchemka. Lakini muulize mama aliyekuwa akiuza maandazi getini mwa shule ya msingi, au kijana mwenye genge la chipsi Ng'ong'ona karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Yeye hakuna aliyemfunga, walifungwa wateja wake. Vyuo vilifunguliwa Juni 1, shule za msingi Juni 29. Katika miezi ile mitatu hakuwa mhanga kwenye karatasi yoyote. Na aliyeendelea kuuza sokoni alikuwa akimkabidhi mteja chenji bila kujua ugonjwa umesimama wapi.

Kwa hiyo naona tumekuwa tukipewa njia mbili, na zote mbili bili inakwenda kwa mtu yule yule. Ukifunga bila kulipa, maskini analipa kwa tumbo lake. Ukiacha wazi bila kujali, analipa kwa mapafu yake. Njia ya tatu ipo, ni kufunga panapolazimu kufungwa na kulipa unapofunga. Haitajwi sana kwa sababu ndiyo pekee inayowagharimu wengine.

Hapa Kizota kuna kitu ambacho kinaweza kutufundisha namna ya kuifanya. Ni maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Mahindi yananunuliwa mwaka wa neema na kuwekwa, kwa sababu nchi ilikwishakubali kwamba njaa si jambo la ghafla. Hatujui mwaka gani itakuja, lakini tunajua itakuja. Makuli wanaobeba magunia yale ndio wanaokula kwa mama yule aliyenipigia hesabu. Kipindupindu nacho si cha ghafla. Kinakwenda na kurudi katika nchi hii tangu miaka ya 1970. Mbona cha njaa tuna ghala, na cha kufungiwa hatuna?

Halmashauri ingeweza kutenga, kila mwaka, fungu dogo lisiloguswa kwa kazi nyingine. Amri ya kufunga ikitoka, karatasi hiyo hiyo itaje siku ngapi na kila mchuuzi aliyeandikishwa atapata kiasi gani kwa siku, fedha itumwe kwa simu wiki ile ile, isisubiri kikao cha robo mwaka. Ushuru na pango la soko visimame siku zilizofungwa. Na badala ya kungoja wote wafunguliwe pamoja, apelekewe maji safi, dawa ya kutibu maji na sehemu ya kunawia. Akikaguliwa akafaulu, afungue hata kama jirani yake hajafaulu. Kwa njia hiyo usafi wenyewe unakuwa na faida, na halmashauri nayo itakuwa na sababu ya kukagua upesi, maana kila siku ya kuchelewa itakuwa inalipiwa.

Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Amri isiyo na gharama kwa anayeitoa hutolewa kwa urahisi na kusahauliwa kwa urahisi. Ofisi ikijua kwamba kila siku ya kufunga inachota kwenye fungu lake, itafunga pale panapostahili, na siku zinazostahili, basi. Kulipa hakumlindi mchuuzi tu, kunaipa amri adabu.

Wazee walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mimi sijakataa sufuria ifunikwe, pengine mimi ni mmoja wa waliopona kwa kufunikwa kwake. Ila tusimwite ombaomba mtu tunayemdai uvumilivu huku tukila faida yake. Nasi vijana tunaoandika, siku tutakapomwingiza mama huyu katika hadithi zetu amesimama kwenye foleni mbele ya ofisi, tuangalie vizuri tumempa neno gani mdomoni. Hakuja kuomba. Amekuja kudai, na dawa ya deni ni kulipa.